Mama Odile na Uraniamu ya Kutajirisha

Mimi ni msaga mahindi, si mwandishi. Nikikosea sarufi ninyi mtanisamehe, ila Mama Odile hatanisamehe. Tumekaa ukuta kwa ukuta katika Manika, hapa Kolwezi, kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo amenirekebisha kila siku, isipokuwa siku nilizolala na malaria. Nikisema nilienda kumwona mtu hospitalini, ananikatiza: "Kumuona ao kumutembelea? Ile ni bintu mbili, Tata Stany." Najibu kwamba ni kitu kimoja. Anatikisa kichwa kwa huruma, na hiyo huruma yake ndiyo inayoniudhi zaidi.

Jina lake kamili ni Odile Kabemba. Baba yake alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa Kabongo, akahamishiwa Lubudi. Huko Lubudi Odile alijifunza Kifaransa kwa masista, na Kiswahili kwa akina mama waliouza mihogo kituoni. Baadaye alifundisha shule ya msingi hapa mjini kwa miaka ishirini na saba. Alipostaafu, watu walimfuata nyumbani. Kila mwenye karatasi ya Kifaransa iliyomshinda alibisha mlangoni kwake: barua ya mahakama, cheti cha hospitali, maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa. Familia mbili zikishindwa kuelewana kwenye posa, anaitwa. Padri mgeni akihubiri Kifaransa, Odile anasimama pembeni na kutafsiri. Jumapili moja alimsimamisha padri katikati ya mahubiri, mbele ya parokia nzima, akamwuliza alitaka kusema kusamehe au kusahau. Padri akafikiri, akakubali kwamba hayo ni mambo mawili, kisha akaanza kuyaeleza yote mawili. Tulitoka kanisani saa saba mchana, njaa inatuuma, na kila mtu anamwangalia Odile kwa jicho baya.

Fahari yake ilikuwa moja tu, na aliitangaza bila haya. "Mi nilikosaka bintu mingi mu maisha," alikuwa akisema, "lakini neno, hapana. Neno sikosake." Hakuna aliyebisha, maana ilikuwa kweli.

Sasa niwaambie habari ya umeme, maana hapo ndipo damu yangu inapochemka. Nina mashine ya kusagia. Umeme ukija, nasaga. Usipokuja, nakaa mlangoni na akina mama wananitazama, mabeseni ya mahindi miguuni, kama kwamba mimi ndiye niliyeuficha. Migodi inatuzunguka pande zote. Inakula umeme wa bara zima na bado haishibi, mingine inawasha majenereta ya mazuti, yaani dizeli, mchana kutwa. Kinachobaki ndicho tunachogawiwa sisi, leo mtaa huu, kesho ule. Shaba ya kutengeneza nyaya za dunia nzima inatoka chini ya miguu yetu, na mimi sijui kama leo nitasaga unga wa bukari, ugali wetu, ya mchana. Mke wangu Huguette anasema nina hasira za bure. Yeye hasagi.

Ndiyo maana mwaka jana, waliposikika watu wa utafiti wa umeme wa nyuklia, mimi nilikuwa wa kwanza kuuliza wamefikia wapi. Walikuwa hawajengi chochote bado. Walitaka kujua kama kilima kimoja kilicho kando ya barabara ya Lubudi kingeweza kubeba kituo kidogo cha umeme wa aina hiyo. Kama kingefaa, mipango ilikuwa mingi: umeme kwa migodi na kwa miji, kiwanda cha nyaya hapa hapa badala ya kusafirisha shaba mbichi, vyumba vya baridi kwa wakulima wa Lubudi ambao nyanya zao zinaozea stesheni. Na kabla ya hayo yote, utafiti ukimalizika vizuri tu, ingefunguliwa shule ya ufundi mjini, ya kuchomelea vyuma na ya umeme, ili vijana wa mkoa wetu wa Lualaba wasiwe wabeba mchanga siku ujenzi utakapoanza.

Mkuu wa utafiti aliitwa mhandisi Kalenga, mtu wa Kananga aliyesomea ng'ambo. Kifaransa chake kilinyooka kama reli. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Alihitaji mfasiri wa kuongea na wananchi, na kila aliyeulizwa alimtajia jina moja.

Kikao cha kwanza kilikuwa Jumamosi moja ya Novemba, ukumbi wa parokia, watu wamejaa hadi madirishani. Akina mama wa soko walikuwepo, makarani, wapentekoste, na nyuma kabisa wachimbaji wa mkono, wale tunaowaita creuseurs, buti zikiwa bado na tope jekundu. Kalenga alieleza vizuri, Odile akatafsiri vizuri zaidi. Ikafika sehemu ya mafuta ya kituo. Kalenga akasema kwamba kituo kitatumia uranium faiblement enrichi, itakayotoka nchi za nje.

Jamani, enrichi. Kifaransa cha shule kinasema enrichi ni kitu kilichotajirishwa, faiblement ni kidogo tu, na Odile ni mtoto wa masista. Akavuta maikrofoni.

"Batatumikisha uranium ya kutajirisha," alisema, "lakini kutajirisha kiloko."

Sauti ikatoka nyuma, kwenye buti za tope: "Kiloko tu inatutosha, Mama!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mimi pia nilicheka, sikatai. Odile akangoja tutulie, akafungua kinywa kumalizia kwamba uraniamu hiyo itatoka nje, na hapo hapo umeme ukakatika. Maikrofoni ikafa mkononi mwake. Alisema maneno yaliyobaki kwa sauti yake ya darasani, lakini mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, na zaidi ya safu ya kwanza hakuna aliyesikia kitu. Watu wakakimbilia nyumbani kuanua nguo.

Jumatatu, mashine ya kutoboa ikapanda kilimani. Kwa mgeni hilo si jambo. Lakini sisi tumekulia Kolwezi, na hapa mashine ikitoboa ardhi na kutoa vile vipande virefu vya mwamba vinavyoitwa karoti, maana yake ni moja tu: chini kuna mali. Hatujawahi kuona mtu akitoboa ardhi ili ajue kama itabeba nyumba. Ukijumlisha na kwamba Mama Odile mwenyewe, asiyekosea neno, ametamka hadharani kwamba iko uraniamu ya kutajirisha, hesabu imekwisha. Hofu ya uraniamu tunayo, wazee walituonya sana. Ila mchimbaji anaogopa kitu kisicho na mnunuzi tu.

Alhamisi wachimbaji walikuwa zaidi ya mia mbili kilimani, na makoleo, na kamba, na mahema ya plastiki. Kiongozi wao alikuwa Nkulu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, baba wa watoto wanne, mkuu wa shimo. Wakuu wa mashimo wenyewe wanajiita PDG, kama wakurugenzi wa makampuni, na msicheke, maana wanaongoza watu wengi kuliko wakurugenzi wengine. Walichimba palepale kwenye matundu ya utafiti. Kalenga akaondoa mashine yake isije ikaharibiwa. Wakubwa wake wakampa siku tisa: kilima kisipokuwa kitupu Jumamosi ya pili, utafiti unahamia mkoa mwingine, ambao nao ulikuwa na kilima na ulikuwa ukiomba.

Mimi niliyajua haya yote kwa vipande, mpaka Jumatatu iliyofuata nilipokuwa nikisaga. Mama mmoja aliyenunua mahindi ya kupeleka kilimani alikuwa akimweleza mwenzake, kwa kupaza sauti juu ya mashine: "Si Mama Odile njo alisema? Asema ni uranium ya kutajirisha. Mi nilikuwa pale pale, nilisikia na masikio yangu."

Nilizima mashine. Niliuma midomo, nikaenda ukuta wa pili.

Odile alikuwa akichambua mboga. Nilipomwambia, kwanza alinicheka. "Mi? Mi nikose neno? Tata Stany, wewe unachanganyaka kuona na kutembelea." Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza yule mama alisema maneno gani hasa, neno kwa neno, nikamrudia. Akanawa mikono, akajifunga kitenge cha kutokea, akasema twende kwa mhandisi.

Kalenga alikuwa na ofisi ndani ya kontena pembeni ya uwanja. Odile hakuketi. Alimwuliza enrichi maana yake nini, si kwa kamusi, bali kwa mikono: wanaifanya nini hiyo uraniamu? Kalenga akachukua kalamu nyekundu moja na za bluu kadhaa, akazipanga mezani. Uraniamu ya ardhini imechanganyika, alieleza, kuna aina mbili ndani yake, na ile inayofaa ni kidogo sana. Kiwandani wanapunguza ile isiyofaa, ili katika kila kilo sehemu ya ile nzuri iongezeke. Basi, hiyo ndiyo enrichi. Utajiri haumo.

Odile alizitazama kalamu. "Bon," alisema. "Kumbe ni teneur."

Kalenga alishtuka, kisha akakubali kwamba ndiyo, karibu sana. Mimi nilitaka kujipiga kichwa ukutani. Teneur! Neno ambalo kila mchimbaji wa Kolwezi analijua kabla ya sala ya Baba Yetu: katika mawe ya gunia lako, shaba ni ngapi kwa mia. Wanaosha mawe mtoni kutwa nzima kwa ajili ya neno hilo. Neno lilikuwa mdomoni mwa kila mtu ukumbini, isipokuwa mdomoni mwa mfasiri.

Odile akaketi sasa. Na hapo Kalenga, ambaye ni mtu mwema, akampa mlango wa kutokea. Alisema: mimi ni mgeni hapa. Nitawaambia kwamba nilieleza vibaya, wewe ulitafsiri nilichosema. Hakuna atakayekulaumu, na kazi yako itabaki.

Alikuwa bado anasema hayo simu yake ikalia. Kilimani, ukuta wa shimo ulikuwa umeporomoka kwa sababu ya mvua. Mtu mmoja alifukiwa mpaka kiunoni. Walikuwa wamemtoa, yuko hai, mguu umevunjika.

Sijawahi kumwona Mama Odile akilia, hata siku alipomzika mume wake. Siku ile alilia mbele yetu, kwa sauti, bila kuficha uso. "Ni neno yangu njo ilimuvunja muguu," alisema. Kalenga akaanza kumtuliza kwa Kifaransa kizuri, Odile akamkatiza. Alisema hatamruhusu abebe kosa lisilo lake, kwa sababu watu wakijua baadaye, hawatamwamini mhandisi wala yeye, na hapo hakuna kilima kitakachofaa kitu.

Kesho yake asubuhi tulichukua wewa, wale waendesha pikipiki wetu, yeye ya kwake na mimi ya kwangu. Nilimfuata kwa sababu niliogopa. Watu mia mbili wenye makoleo, umewaletea habari kwamba jasho lao la siku tano ni la bure, na ulichokuja nacho ni mdomo tu. Niseme ukweli, nilitamani angekubali ule mlango wa Kalenga.

Kalenga alitutangulia na gari, na nyuma ya gari masanduku mawili ya karoti, kwa ombi la Odile. Nkulu alitupokea kwa heshima, akamtandikia Mama gunia la kukalia. Odile alikataa kuketi. Wanaume wakatoka mashimoni mmoja mmoja, wakasimama kumzunguka.

"Batoto bangu," alisema, "mi njo niliwaambia asema kuko uranium ya kutajirisha. Nilikosa. Muhandisi hakukosa, ni mi. Ile neno haina utajiri. Ni kupandisha teneur. Sawa vile munasukulaka mabwe ku mayi, mudongo inaenda, muzuri inabakia, teneur inapanda. Na ile uranium haiko hapa. Itatoka inchi ya mbali, yenye kutengenezwa. Hapa banatoboa juu ya kujua kama mulima inaweza kubeba nyumba."

Kijana mmoja akatupa koleo chini, akatukana, tena tusi zito. Nkulu akamnyamazisha kwa kiganja, lakini yeye mwenyewe uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama," alisema polepole, "wewe tunakujua. Ulinifundisha kuandika jina yangu. Sasa niambie: ile siku njo ulitudanganya, ao ni leo?"

Lilikuwa swali la haki, na liliniuma mimi, sembuse yeye.

"Ile siku sikudanganya, nilikosa," alijibu. "Na leo hamuna lazima ya kuniamini. Tulileta karoti za chini ya huu mulima. Mupime benyewe, na mashini yenu."

Hilo hawakulitegemea. Nkulu alimtuma mtu kwenye depo ya kununulia madini, akarudi na kile kifaa cha kupimia, wanachokiita metorex, pamoja na mwenye kukishika. Masanduku yakafunguliwa. Wanaume wazima mia mbili walisukumana kama wanafunzi ili waone kioo kidogo. Kipande cha kwanza: shaba hakuna, kobalti hakuna. Cha pili vivyo hivyo. Nkulu akachagua mwenyewe, akatoa kipande cha chini kabisa cha sanduku la pili, akidhani labda kizuri kimefichwa. Kifaa kikamwonyesha kile kile. Uraniamu nayo, hakuna kitu cha kuuza.

"Teneur, sifuri," alisema mwenye kifaa, na mtu mmoja nyuma akapiga mluzi wa huzuni.

Nkulu alikaa kitako juu ya sanduku. Nilifikiri sasa tutapigwa. Lakini alipofungua kinywa, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tu. "Tangu nilianza kuchimba, bakubwa bengi balikuya kutuambia ondokeni. Balikuya na karatasi, balikuya na baaskari. Hata moya hakusemaka asema: mi nilikosa." Akasimama, akawaambia watu wake wakunje plastiki. Wapo waliobaki siku mbili zaidi kwa ukaidi. Kufikia Ijumaa kilima kilikuwa kitupu, na wale wale creuseurs ndio waliofukia mashimo, maana Kalenga aliwaajiri kwa kazi hiyo, na mwenzao aliyevunjika mguu alilipiwa hospitali na mradi mpaka alipopona.

Mashine ikarudi kilimani. Odile alimwandikia Kalenga barua ya kuacha kazi, ukurasa mzima, bila kosa hata la nukta. Kalenga alimjibu kwa kumpelekea tarehe ya kikao cha pili.

Kikao hicho kilikuwa Februari. Ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza, na creuseurs hawakukaa nyuma tena, walikaa katikati. Odile alipanda jukwaani. Kalenga alitoa habari: mwamba umeonekana mgumu na mzuri, lakini bado maji, bado matetemeko, bado mambo ya njia na usalama. Huguette wangu, ambaye nyumbani hajali umeme, akasimama kuuliza hicho kitu kikiharibika itakuwaje, na takataka zake zitakwenda wapi. Kalenga alijibu kwamba hatari ipo kweli, inalindwa kwa kazi kubwa, na takataka zake zinakaa miaka mingi kupita maisha yetu, ndiyo maana swali hilo litakuwa na kikao chake peke yake. Odile alitafsiri yote, hakulainisha hata neno. Watu walisikiliza kwa utulivu.

Kisha mtu akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: kituo kitajengwa lini?

Kalenga akavuta pumzi. Alizungumza dakika tano nzima. Alitaja kamati, awamu, wafadhili, vibali, tathmini, na tathmini ya tathmini. Odile alimsikiliza, kichwa kimeinama. Alipomaliza, Odile akasogea kwenye maikrofoni.

"Asema hajue," alisema.

Kicheko kilichotoka mle ndani sijakisikia tena. Kalenga, ambaye miezi hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimetoka kwenye maji na kufika kwenye chakula, akamwangalia. "C'est ça, ndivyo," alisema. "Sijue." Akacheka naye. Nami nikageuka nyuma, kwa sababu najua watu wetu: ukiwaambia hujui, wanachukua viti vyao na kwenda. Hakuna aliyesimama.

Nkulu peke yake ndiye aliyenyoosha mkono. "Mama, muulize vile. Kama yeye hajue bado, ni sawa. Lakini ile wakati eko anatafuta kujua, sisi tunaweza kuanza kujifunza nini?"

Odile alimgeukia mhandisi na kuanza kulitafsiri swali. Katikati akajirekebisha neno moja, akaanza upya. Safari hii alilifikisha lote, na Kalenga akatoa kalamu, akamwomba Nkulu amtajie majina ya walio tayari. Majina yalikuwa mengi, na wengi waliomba waandike wenyewe.